Likizo ya Magitaa, Madrasa Tupu



Ndugu wazazi na wanangu wanafunzi, naomba mnivumilie leo, kwani nina donge kooni na ninataka kulitoa.

Jumatatu ya kwanza ya vakansi kubwa nilifungua darasa kama kawaida. Daftari langu lina majina 34. Mkekani walikaa watoto 11. Nikauliza, wenzenu wako wapi? Wakatazamana, wakachekana, kisha mdogo wao mmoja, ambaye bado yuko kwenye alifu na bee, akanijibu bila ya woga: "Ustadhi, wamekwenda gitaa."

Wamekwenda gitaa! Kama vile mtu asemavyo wamekwenda shule au wamekwenda msikitini.

Wale mnaoishi hapa kwetu Bujumbura mnaijua habari yenyewe. Kila likizo ya Julai hadi Septemba huja watu na programu ya sanaa kwa watoto, wiki sita, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Kuna kuchora, kuna maigizo, na juu ya yote kuna muziki: gitaa, kinanda, kuimba kwa makundi. Hailipiwi. Mchana watoto hula wali na maharage. Hupewa fulana, na siku ya mwisho kuna tamasha na cheti chenye muhuri. Sitawataja wenye programu hiyo, kwa sababu ugomvi wangu leo si wao. Ugomvi wangu ni wewe, baba Fulani na mama Fulani, uliyetia sahihi ile karatasi bila kuisoma.

Nasema bila kuisoma kwa sababu mimi niliisoma. Nilikwenda mwenyewe hadi pale, nikapokewa vizuri na kijana mmoja wa kike ambaye ndiye msimamizi, si Muislamu, akanipa kiti na maji. Nikamwambia: dada yangu, hapa mna watoto wetu wengi. Adhuhuri hapa kwetu inaingia saa sita na dakika chache, watoto wako katikati ya somo. Wiki mbili za mwisho mazoezi yanakwenda hadi saa kumi na moja, hapo Alasiri nayo imepita. Na Ijumaa je? Mna vijana wa miaka 14 na 15, hao Ijumaa ni wajibu kwao. Yule dada akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari lake, halafu akaniambia neno ambalo limenikaa moyoni mpaka leo. Akasema: "Mwalimu, huu ni mwaka wa tatu, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kutuuliza."

Miaka mitatu. Hakuna mzazi hata mmoja.

Basi nilitoka pale na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imegeuza njia.

Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, maana najua wapo watakaosema ustadhi anakwepa. Sikwepi. Nitasema ninachokiamini, na nitasema vile vile wapi maulamaa wamekhitilafiana, kwa sababu nimechoka na mawaidha ya kusema "haramu, haramu, basi" mbele ya watoto wanaosoma sekondari na wenye intaneti mfukoni. Mtoto akirudi nyumbani akatafuta, akakuta kuna Sheikh mkubwa aliyeruhusu, siku hiyo hakuachii muziki peke yake, anakuachia na imani yake kwako pia.

Ukweli ni huu. Sisi huku, kama ndugu zetu wa Pwani tuliopokea dini kutoka kwao kupitia Ujiji na ziwani, ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Na katika madhehebu hiyo qauli inayotegemewa ni kwamba ala za nyuzi na zumari hazifai. Msingi mkubwa ni Hadithi ya ma'azif iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwenye mlango wa vinywaji, inayotaja watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia (aliyefariki mwaka 456 Hijria) aliitia dosari akisema sanad yake imekatika, naye akaona muziki ni halali. Wakamjibu waliokuja baada yake, na Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria) akaziunganisha hizo sanad katika kitabu chake Taghliq al-Ta'liq. Mimi naona jibu la Ibn Hajar ni zito zaidi. Lakini siwezi kusimama mbele yenu nikasema Ibn Hazm hakuwahi kuzaliwa.

Tena hata ndani ya nyumba yetu wenyewe ya Kishafii kuna maneno. Filimbi ya mchungaji, wanayoiita yaraa, Imam Rafi'i aliipasisha, Imam Nawawi akaja akasema la sahihi zaidi ni kuharamishwa. Maimamu wawili ambao madhehebu yote imeegemea migongoni mwao! Ghazali naye katika Ihya ameandika kitabu kizima juu ya kusikiliza, akafungua mlango kwa sauti nzuri na dufu, lakini hata yeye akaufunga kwa nyuzi na mazumari. Na wa zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi (aliyefariki 2022), katika kitabu chake cha Halali na Haramu alichokitoa 1960, aliruhusu kwa masharti: maneno yawe safi, pasiwe na pombe, yasichochee matamanio, yasizidi hadi yakala wakati wa wajibu.

Haya, mzazi unayemshika Qaradawi kama ngao. Nimekutana nawe kibarazani ukinitajia jina lake. Je, umesoma yale masharti? Sharti la mwisho lile, lisile wakati wa wajibu? Programu inayopita juu ya Adhuhuri, ikala Alasiri, ikabeba na Ijumaa, haipiti hata kwa huyo aliyeruhusu. Kwa hiyo mimi na wewe tunaweza kukhitilafiana juu ya gitaa mpaka siku ya Kiyama, lakini juu ya Swala hatuna cha kubishania.

Dufu ni jambo jingine. Hadithi ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba na kupiga dufu kwa Bibi Aisha (R.A.) siku ya Idi, mzee Abubakar (R.A.) akawakemea na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, imo katika Bukhari na Muslim, na hakuna aliye na ubavu wa kuifuta. Imam Nawawi ameandika kuwa dufu laruhusiwa harusini na kwenye tohara, na hata kwingineko, ijapokuwa lina njuga. Ngoma nazo, kinachokatazwa kwa jina katika vitabu vyetu ni kuba, ngoma ndefu iliyobanwa kiunoni. Hapa Burundi watoto wetu wakiwa shuleni huona ingoma, zile kubwa ambazo uchezaji wake UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Mzazi mmoja aliniuliza, je hizo ni kuba? Nikamwambia umbo si lile. Akafurahi kupita kiasi. (Nikamkumbusha kuwa tangu amri ya serikali ya 2017 wanawake wamekatazwa kuzipiga, kwa hiyo asianze kumpangia binti yake.)

Sasa hoja ninazoletewa. Ya kwanza: "Ustadhi, muziki ni utamaduni wetu Waswahili." Naijua historia hiyo, na wala siifichi. Sultan Barghash ndiye aliyeleta wanamuziki wa Misri Unguja, klabu ya Akhwani Safaa ikaundwa 1905, Siti binti Saad akaenda hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na tangu 2002 pana chuo kizima cha muziki Mji Mkongwe kinachofundisha udi, kanuni na fidla. Yote kweli. Lakini tangu lini jambo likawa halali kwa kuwa babu alilifanya? Babu huyo huyo aliuza watu. Utamaduni huletwa mbele ya dini ukapimwa, na sisi siku hizi tunaipeleka dini mbele ya utamaduni ikapimwe.

Hoja ya pili ililetwa na baba mmoja msomi, anafanya kazi ofisini, mtu mwungwana. Alisema muziki huongeza akili za mtoto, imethibitishwa na wanasayansi. Nikaifuatilia. Chanzo cha maneno hayo ni utafiti wa Marekani uliotoka 1993 katika jarida la Nature. Walichukua wanafunzi 36, tena wa chuo kikuu, si watoto. Wakasikilizishwa Mozart dakika kumi, wakapewa mafumbo ya maumbo, wakafanya vizuri kidogo zaidi, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya kama robo saa. Ndiyo hiyo! Wala hawakufundishwa kupiga chochote, walisikiliza tu. Kutoka hapo dunia nzima ikapiga mbio, hata gavana wa jimbo la Georgia mwaka 1998 akataka kila mtoto mchanga apewe santuri ya muziki. Wengine waliporudia utafiti ule na kukusanya matokeo, waliona hakuna la maana. Sasa ndugu yangu, wewe unaamini robo saa ya Mozart, na huoni kitu akilini mwa mtoto wa miaka tisa aliyebeba kurasa 200 za Qur'ani kifuani, kwa lugha asiyoizungumza nyumbani?

Wanafunzi wakubwa wao humtaja Yusuf Islam, yule Muingereza aliyekuwa mwimbaji mashuhuri, akasilimu 1977, akaacha magitaa yake, kisha 2006 akarudi na albamu. "Ustadhi, mbona yeye amerudi?" Nawajibu: alipoacha mlisema ni dalili ya kuacha, aliporudi mnasema ni dalili ya kurudi. Yeye si dalili kwa lolote kati ya hayo. Ni ndugu yetu, tumwombee.

Lakini nina la kuwaambia walimu wenzangu pia, na hili ndilo linaloniuma.

Miaka 15 iliyopita nilikuwa na mwanafunzi. Sitamtaja, wengi wenu mnamjua. Sauti yake, subhanallah! Alikuwa akisoma Surat Maryam, kina mama waliokuwa wakipita barabarani na ndoo za maji wanasimama. Alikuwa amehifadhi juzuu saba. Siku moja akaja na filimbi ndani ya mfuko wake wa juzuu, ya plastiki, ya bei ya chini sana sokoni. Mimi nilikuwa kijana, nimerudi masomoni juzi, najiona nimebeba dini yote mabegani. Niliitoa ile filimbi mbele ya wote, nikaivunja kwa kisigino, na nikamchapa bakora ambazo sitaki kuzihesabu. Sikumuuliza ameipata wapi. Sikumweleza kwa nini. Nyanya yake alinijia jioni, hakugomba, alisema tu: "Mwalimu, mjukuu wangu amesema harudi tena. Wewe ulikuwa ndiye baba aliyemjua."

Hakurudi. Leo anaimba kwenye hoteli moja ya ufukweni, usiku, watu wakinywa. Nimewahi kukutana naye njiani, akanipa mkono kwa adabu, akaniita ustadhi. Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo wenzangu mnaosema dawa ni kuwachapa wanaokwenda gitaa, mimi dawa hiyo nimeitumia. Nimeshawaonyesha mgonjwa wake.

Tuseme ukweli. Mtoto anatoka nyumbani asubuhi ya likizo. Upande mmoja kuna mtu anayemjua jina, anayempa kitu mkononi, anayempigia makofi akipatia, na mchana anakula. Upande wa pili kuna mkeka uliotoboka, watoto 34 na mwalimu mmoja, fimbo ukutani, na somo lile lile tangu Shawali. Mtoto ana miaka kumi! Mngetaka achague wapi? Tumewapa watoto dini kwa sura ya adhabu, halafu tunashangaa kwamba wanapenda kitu kinachokuja kwa sura ya zawadi.

Na kinachonishangaza zaidi ni kuwa sauti ile wanayoifundisha huko, sisi ndio wenye shamba lake. Umm Kulthum, ambaye dunia ya Waarabu ilimlilia alipokufa 1975, alikuwa binti wa imamu wa kijiji. Aliipata matamshi na pumzi yake kuttab, kwenye Qur'ani, na kwenye kasida za dini akiwa na baba yake. Madrasa ililima, jukwaa likavuna. Misri hiyo hiyo ikawa pia na Sheikh Mustafa Ismail (1905–1978) na Sheikh Abdul Basit (1927–1988), ambao kwao zile naghama, bayati, rasti, hijazi, saba, zilibaki kuwa watumishi wa Qur'ani. Mtoto mwenye sikio na koo ana njaa ya kweli. Njaa hiyo ameumbwa nayo. Usipompa tajwidi iliyo hai, usipompa adhana, usipompa kasida na dufu, atakula kwa jirani. Na jirani hana kosa, chakula chake kiko mezani.

Halafu nyinyi akina baba. Niwaulize kwa heshima. Mwezi wa Juni nilialikwa harusi tatu hapa Buyenzi. Katika zote tatu kulikuwa na spika kubwa kuliko kabati, muziki wa kucheza mpaka usiku wa manane, na waliolipia ni wanaume ninaosimama nao safu ya mbele msikitini. Mmoja wao, wiki ile ile, alimnyang'anya mwanawe gitaa la kuazima akimwambia ni haramu. Mtoto huyo alikuja kuniuliza swali moja: "Ustadhi, ni haramu kupiga au ni haramu kupiga bila kulipwa?" Nilikosa jibu. Mimi, niliyesoma miaka minane.

Ukitaka mwanao akuamini juu ya gitaa, anza kuzima ile spika.

Haya, nataka nini basi? Kwanza, mzazi uliyemwandikisha mwanao, nenda. Usitume mtu, nenda mwenyewe kama nilivyokwenda. Sema: mwanangu atachora, ataigiza kwenye maigizo yasiyovunja heshima, lakini darasa la ala simtaki, Adhuhuri apewe nafasi ya kusali, na Ijumaa ataondoka saa tano na nusu. Yule dada aliniambia wanaweza kupanga hivyo, ila aombe mzazi. Wakikataa, mtoe. Na wewe uliyechagua kauli ya walioruhusu ala, kwa elimu si kwa matamanio, sitakukufurisha wala sitakunyima salamu, lakini kwenda ni lazima uende, kwa sababu Swala haina khilafu.

Na usiseme hujui wiki sita zina uzito gani. Siku 42, ukurasa mmoja kwa siku, ni zaidi ya juzuu mbili kamili katika msahafu wa Madina wenye kurasa 604. Mtoto wako angeweza kuanza Septemba akiwa na Tabaraka na Amma karibu zote. Badala yake anaanza na fulana.

Pili, sisi walimu. Tumekaa, watu wanne, tukakubaliana. Kuanzia Jumatatu ijayo, asubuhi saa mbili na nusu hadi saa sita, halafu Adhuhuri jamaa, halafu wanakula. Ndiyo, wanakula. Kina mama wanane wamejitolea kupika kwa zamu, na tunahitaji wanne zaidi, na mchele. Saa ya kwanza ni hifdhi. Ya pili ni tajwidi na sauti, nitafundisha mimi, na kwa mara ya kwanza nitawaeleza watoto majina ya hizo naghama badala ya kuwaacha waziokote. Ya tatu watachagua: khati kwa kalamu za matete, ambazo fundi mmoja wa ziwani ametukatia 40, au kasida na dufu. Madufu tunayo matatu, moja limepasuka ngozi. Mwenye lililolala juu ya kabati tangu maulidi ya mwaka juzi, alilete.

Wasichana watakuwa na mwalimu wao wa kike na chumba chao. Khati wamo, kasida wamo, na tajwidi wamo sawa na wavulana. Sitaki tena kusikia kwamba binti likizo yake ni ya kuosha vyombo ndiyo maana amekimbilia gitaa.

Fimbo nimeitoa ukutani. Mzazi mmoja alikuja jana kunilalamikia kuwa sasa watoto watanipanda kichwani. Huenda. Tutaona.

Na wale 23 waliokwenda gitaa, waambieni majina yao hayajafutwa. Mlango tunaufungua saa mbili na robo, atakayekuja siku ya kwanza au wiki ya tatu ni sawa, sitamuuliza alikuwa wapi.

Wabillahi tawfiq.